Gari Tulilolilaza Kila Jioni

Saa kumi na moja na dakika arobaini za alfajiri shofere alisimama nje ya mlango wangu, akaniita kwa sauti ya chini. Najua saa hiyo kwa hakika kwa sababu saa ya mkono ya jirani ilikuwa mezani mbele yangu. Nilikuwa nimeitengeneza jana yake, na nilikuwa naiangalia kama inakimbia au inachelewa.

"Papa, uko mu nyumba?"

"Niko. Ingia."

"Siingie. Gari inakataa kuamuka."

Nilichukua mfuko wa vyombo, nikamfuata. Nilijua gari lilipaswa kuwa wapi asubuhi ile, na kwa nini.

Lilikuwa jeep ya petroli, iliyokwisha kutumika kwingine kabla ya kufika kwetu, usukani wake upande wa kulia. Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa kutoka upande wa Butembo, mtu wa kwenda misa kila asubuhi, mwenye duka la chumvi, sabuni na vitenge pale Masisi. Jeep ilipeleka chumvi na sabuni Walikale, mara nyingine hadi Itebero ndani ya msitu, ikarudi na mawese. Miaka ile ya vita magari mengine yetu yalikuwa yamekwisha kukimbizwa Goma, au yamechukuliwa. Lilibaki hilo moja, na pikipiki.

Jana yake jioni mwendesha pikipiki mmoja alifika akitoka njia ya Walikale, matope hadi kifuani. Alimtafuta shofere dukani akamwambia kwamba kijijini kwa mama yake watu wanafunga mizigo. Milio ya bunduki ilikuwa inashuka bondeni, kila siku karibu zaidi. Wenye miguu wote wangeondoka kesho yake au keshokutwa. Mama ya shofere hakuwa na miguu. Miaka mitatu nyuma aliteleza mlimani na mzigo wa mihogo mgongoni, mfupa wa nyonga ukavunjika, ukapona vibaya. Tangu hapo alikaa na kulala, basi. Kumpandisha pikipiki haikuwezekana. Walikwisha kujaribu, akazimia kabla hawajafika mtoni.

"Mama alinituma neno," mwenye pikipiki alisema. "Alisema: mwambie mutoto wangu asikuje na miguu. Akuje na gari."

Mwenye duka alisikia yote akiwa nyuma ya mizani yake. Alifikiri kidogo, akatoa ufunguo.

"Siku moja," alimwambia shofere. "Nenda, umulete, urudi. Usibebe hata kilo moja ya chumvi."

Kwa gari ilikuwa mwendo wa saa tano kama mvua haijanyesha. Kwa miguu, siku mbili na nusu. Ndiyo maana asubuhi ile tulitembea haraka.

Inanibidi nieleze kwa nini shofere alisema kuamka na si kuwaka.

Wenye bunduki walipopita, wa upande wowote, walichukua magari. Watu walijifunza kujikinga. Wengine walitoa betri jioni na kuificha chini ya kitanda. Lakini mtu akikuta gari halina betri anajua betri iko ndani ya nyumba, na mwenye bunduki anajua namna ya kuuliza. Mimi nilitafuta ugonjwa usioonekana. Sikusoma ufundi shuleni. Nilimaliza darasa la sita na miaka miwili ya sekondari, nikaanza na redio, na kutoka redio nikaingia kwenye umeme wa magari kwa kufungua, kuchora nilichoona, na kufunga tena. Moteri ya jeep ile haikuwa na karibureta kama za zamani. Ilikuwa na enjekteri nne, vidude vya chuma vinavyonyunyizia petroli ndani ya moteri, na kila kimoja kilipokea umeme kupitia fishi moja ya plastiki yenye ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Ndani ya fishi mna midomo miwili ya shaba. Kila mdomo unauma sindano moja ya enjekteri. Umeme unapita hapo na si penginepo.

Basi nilikata vipande vidogo kutoka chupa ya maji ya plastiki, kila kimoja urefu wa kucha. Ukichomoa fishi, ukaweka kipande kati ya mdomo na sindano, ukairudisha mahali pake, inaonekana imekaa vizuri kabisa. Moteri inazunguka, inazunguka, haishiki. Mtu anaweza kufungua kapo, kifuniko cha moteri, akaangalia saa nzima, asione waya uliokatika wala kitu kinachokosekana. Nilimfundisha shofere. Kila jioni aliweka vipande vinne, kila asubuhi alivitoa na kuvificha ndani ya kiberiti.

Hila ile ilifanya kazi mara mbili. Mara ya kwanza palepale Masisi, mara ya pili njiani. Walizungusha moteri hadi betri ikachoka, wakapiga gurudumu teke, wakaondoka. Baada ya mara ya pili mwenye duka aliniletea nyumbani jibini nzima, bila kukatwa. Niliila na watoto wangu kwa wiki mbili, nami nikajiona nimegundua kitu.

Neno lenyewe, kulaza, lilizaliwa nyumbani kwa mama ya shofere. Nilifika kwake mara moja tu, wakati ule nilipokuwa bado namfundisha mwanawe. Tulisimamisha gari jioni mbele ya nyumba yake. Alikuwa ameketi mlangoni juu ya kitanda cha fito, anachambua maharagwe kwenye ungo, na alituangalia tukiwa tumeinamia moteri.

"Munaficha nini mule ndani?" aliuliza.

"Hatufichi, mama. Tunailaza," mwanawe alijibu. "Bezi wakikuja, watakuta iko nalala."

"Na asubui?"

"Asubui tunaiamusha."

Alirudi kwenye maharagwe yake. Halafu akasema, bila kuinua macho: "Fundi, hata mimi walinilaza. Sijui kama waliweka mpira ao nini. Ukimaliza gari, uangalie na hapa."

Akajipiga kwenye nyonga. Mwanawe alicheka hadi akashika mlango. Mimi pia nilicheka. Kisha alitulisha maharagwe yale, na mihogo, na alinitazama nikila ili ajue kama nimeshiba.

Sasa nirudi asubuhi ile. Saa kumi na mbili na dakika tano kapo lilikuwa wazi, na vipande vinne vilikuwa vimekwisha kutolewa. Nilimwambia shofere azungushe. Moteri ilikohoa mara moja, ikatikisika, ikanyamaza.

Nilifanya kama ninavyofanya siku zote: kwanza kinachokuja, halafu kinachopokea. Nilichukua taa yangu ya kupimia, balbu ndogo yenye nyaya mbili, nikachomoa fishi ya kwanza na kuweka nyaya ndani yake. Shofere alizungusha, balbu ikakonyeza. Fishi ya pili, ikakonyeza. Ya tatu na ya nne vilevile. Maana yake kompyuta ya moteri ilikuwa inatuma amri na nyaya zilikuwa zinaileta. Amri ilifika hadi mlangoni. Haikuingia.

Niliziangalia fishi kwenye jua la kwanza. Nilikuwa nimeziona mamia ya mara na sikuwa nimeziangalia. Vibanio vya plastiki vinavyozishika zisitoke vilikuwa vimevunjika zamani. Shofere alizifunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, na mimi nilikuwa nimemwambia ni sawa. Plastiki ilikuwa imekauka kwa joto la moteri, ukiibonyeza inamomonyoka kama ukoko wa ugali. Na ndani, midomo ya shaba ilikuwa imefunguka. Haikuuma tena. Kila jioni tulikuwa tumeisukuma kando kwa plastiki ya chupa, usiku kucha, kila asubuhi tukitegemea irudi. Kwa mwaka mmoja na miezi minne ilirudi, kila mara kidogo pungufu. Asubuhi ile haikurudi.

Nilipaswa kulijua jambo hili kuliko mtu yeyote Masisi. Nimetengeneza redio mia na zaidi ambazo ugonjwa wao ulikuwa chuma cha betri kilichochoka. Ningeweza kutumia karatasi nyembamba ya pakiti ya sigara. Nilichagua plastiki ya chupa kwa sababu ni rahisi kuishika kwa kucha na haichaniki. Nilifikiria vidole vyangu, shaba sikuifikiria.

"Iko nini?" shofere aliuliza.

"Fishi zimechoka."

"Zote ine?"

"Zote."

"Ile tu?" Alionekana amefarijika. "Basi, Papa, uzibane."

Nilichukua sindano ya kushonea na koleo ndogo, nikaanza kuikunja midomo ndani. Nilikuwa na hakika. Fishi ya kwanza ilikaza. Ya pili, mdomo mmoja ulikatika mkononi mwangu bila sauti, kama unyasi mkavu. Ya tatu, vilevile. Ya nne, plastiki yenyewe ilipasuka katikati na midomo yote miwili ikabaki inaning'inia kwenye nyaya. Sasa nilikuwa na fishi moja nzima, na mtu aliyesimama nyuma yangu akipumua.

Hapo mwenye duka alirudi kutoka misa. Ilikuwa saa moja na nusu. Alituona, akaona vipande kwenye kitambaa nilichotandika juu ya betri.

"Bado muko hapa?"

"Patron, fishi zimekufa," shofere alisema.

Mwenye duka aliinama, akaangalia, akasimama. Hakuwa mtu mbaya. Lakini alikuwa na ulimi.

"Fundi, uliniambia mwizi hataweza kuitembeza gari hii."

"Nilisema."

"Umefanya kazi ya nguvu. Sasa hata mwenye gari ni mwizi."

Mke wake alitoka na chai, akaweka kikombe karibu nami juu ya madigadi ya gurudumu, akamwambia mumewe kwa sauti ya kawaida: "Mwache afanye. Weye unajua kupima chumvi."

Fishi mpya zilikuwako Goma. Nilizijua hata duka lenyewe. Nilikuwa nimeziona miezi miwili nyuma, zimening'inia kwenye msumari ndani ya mfuko mdogo wa plastiki. Lakini siku ile njia ya Goma ilikuwa imefungwa tangu juzi, na hata kama ingefunguliwa, kwenda na kurudi kungemaliza siku tuliyopewa. Gari jingine la kuazima halikuwako. Nyuma ya ghala la zamani la kahawa palikuwa na mabaki ya gari la petroli lililoungua. Nilikwenda mbio, nikapiga magoti ndani ya nyasi. Moto ulikuwa umekula kila kitu cha plastiki. Nilipata shaba nyeusi tu, iliyokunjamana.

Nilirudi na wazo moja. Katika moteri ile ile kulikuwa na fishi nyingine mbili za umbo lile, ambazo hazikuwahi kulazwa. Moja ilikuwa ya kipimo cha joto la maji. Nyingine ilikuwa ya enjekteri ya ziada, inayosaidia moteri kuwaka penye baridi. Nilizikata zote mbili, nikaacha waya urefu wa kidole, nikaziunganisha badala ya mbili zilizokufa. Sikufanya haraka. Waya wa kwanza na wa kwanza, wa pili na wa pili, kusokota, kufunika, kuvuta kidogo ili kuhakikisha. Nilijua gharama yake: moteri isiyojua joto lake hukisia, na ikikisia hunywa petroli nyingi. Shofere alikuwa na dumu mbili. Nilipiga hesabu nikaona zingetosha kwenda na, kwa bahati, kurudi.

Saa tano na nusu nilikuwa na fishi tatu. Ilibaki enjekteri ya nne.

"Wakati huu ningekuwa nimefika," shofere alisema. Hakusema kwa lawama. Alikuwa anaangalia upande wa njia.

"Najua."

"Mama iko anasikiliza. Masikio yake iko muzuri. Anasikia gari ikiwa ng'ambo ya muto."

Kwa enjekteri ya nne hapakuwa na fishi, basi niliamua kulehemu nyaya moja kwa moja kwenye sindano zake. Umeme wa kutumia chuma changu cha kulehemu haukuwako. Niliweka ncha ya shaba ndani ya makaa ya jiko la mke wa mwenye duka. Chuma cha makaa hakina kipimo. Kikiwa na joto kidogo, risasi laini ya kulehemu haishiki. Kikiwa na joto jingi, huwezi kukiambia kipungue. Mara mbili kilikuwa baridi mno. Mara ya tatu niliacha kikae zaidi. Risasi iliyeyuka vizuri, ikazunguka sindano, ikang'aa, na nilifurahi kwa muda wa pumzi moja. Kisha niliona plastiki inayoshika sindano inalegea, sindano inainama polepole upande mmoja, kama mtu anayesinzia. Nilitoa chuma, nikapuliza. Plastiki ilikauka, sindano ikiwa imelala.

Nilipima. Balbu haikuwaka kupitia enjekteri ile. Waya mwembamba wa ndani ulikuwa umekatika.

Nilikaa juu ya gurudumu la akiba. Katika mfuko wangu nilikuwa na kitabu cha Kifaransa kuhusu moteri za aina ile, kisicho na jalada, nilichonunua kwa muuza vitabu vikuukuu. Nilikifungua, sijui kwa nini. Labda mikono ilitaka kitu. Kilisema, kwa maneno machache, kwamba midomo iliyolegea haikunjwi, na kwamba ikiharibika moja hubadilishwa zote. Nilikuwa nimekwisha kuusoma ukurasa ule. Nilikuwa nimeupigia mstari kwa kalamu.

"Itatembea na tatu," nilimwambia shofere. "Lakini itatikisika, na mlimani haitakuwa na nguvu. Kama ni pakavu utapita. Kama ni tope, sijui."

"Jana iliponyesha, ilinyesha mingi?"

"Ilinyesha."

"Basi Mungu anajua," alisema, akaingia.

Aliondoka saa tisa na dakika ishirini. Moteri iliwaka mara ya tatu ya kuzungusha, ikanguruma kwa kuchechemea, moshi mweusi nyuma. Mwenye duka alisimama mlangoni mwa duka lake, akafanya ishara ya msalaba. Nilibaki nikisikiliza. Nilisikia gari linashuka, linavuka daraja, linaanza mlima wa kwanza. Nilisikia shofere anarudi gia ya kwanza. Nilisikia anarudia, na anarudia, sauti ikizidi kuwa nene. Halafu sikusikia kitu.

Saa kumi na nusu alirudi kwa miguu, tope hadi magotini. Gari alikuwa ameliacha kando ya mlima, limekula dumu nzima ya petroli kwa kilomita zile chache na limeziba buji zake, plagi za kuwashia petroli, kwa masizi. Watu kumi walilisukuma kulirudisha siku ya pili.

Alimrudishia mwenye duka ufunguo kwa mikono miwili. Kisha aliniambia: "Papa, naenda."

"Sasa?"

"Nikilala hapa nitapoteza usiku mumoja."

"Ukifika utambeba namna gani?"

"Nitatafuta bantu ine wa kubeba tipoyi. Nitapata."

Tipoyi ni kiti cha fito kinachobebwa mabegani na watu wanne. Tulijua sote wawili kwamba vijana wa vijiji vile walikuwa wamejificha msituni wakiogopa kukamatwa na kubebeshwa risasi. Mke wa mwenye duka alimfungia mihogo na kipande cha jibini. Nilitaka kusema kwamba nitakwenda naye. Nilikuwa na watoto watano, na mke wangu alikuwa Masisi peke yake. Sikusema. Nilimpa tochi yangu, akaiweka ndani ya shati. Nilimtazama hadi kwenye kona.

Alirudi siku ya kumi na mbili. Nilikuwa nje, nafungua redio. Aliketi kwenye benchi langu, akatoa tochi, akaiweka kati yetu.

"Mawe ya tochi yaliisha," alisema. "Nitakununulia."

"Acha. Mama?"

Alieleza polepole, akiangalia redio iliyofunguka. Asubuhi ile ile, tulipokuwa tunaanza kufungua kapo, majirani walikuja nyumbani kwa mama yake na tipoyi. Walikuwa wanaume saba, wa kupokezana. Alikataa kubebwa. Aliwaambia, mutoto wangu iko anakuja na gari, mutangulie, tutawapita njiani na tutawapigia honi. Walimsubiri hadi saa nne, wakarudi tena saa saba. Kila mara aliwaambia wanyamaze, asikilize. Saa kumi walikuwa wamebaki wanaume wanne, na milio ilikuwa kwenye mlima wa pili. Walimnyanyua bila kumwuliza. Walimbeba hadi jioni, wakifuata watu waliokuwa wanaelekea Itebero. Mmoja wa wabebaji aliumia mguu. Watatu hawawezi kubeba tipoyi. Walimweka ndani ya kibanda cha kulinda shamba, na maji, na ndizi za kuchoma, wakamwambia watarudi na mtu wa nne. Mvua ilinyesha usiku ule na mchana uliofuata. Walirudi siku ya tatu asubuhi. Walimzika palepale, kando ya maharagwe ya mtu.

"Nilifika siku ya ine," shofere alisema. "Udongo ulikuwa bado mupya."

Nilikuwa na maneno, lakini yote yalihusu shaba na plastiki.

"Walisema aliuliza hata kwenye kibanda," alisema. "Aliuliza kama walisikia gari."

Kisha aliinuka, akaenda dukani kuuliza kama bado ana kazi.

Alikuwa nayo. Wiki moja baadaye njia ya Goma ilifunguliwa, na mdogo wake mwenye duka alipanda na lori la mzigo. Alileta enjekteri moja ya zamani, na mfuko mdogo wa plastiki wenye fishi nne za kijivu, kila moja na vibanio vyake, na midomo yake, na kipete chake cha mpira cha kuzuia maji.

Nilizifunga mchana, mbele ya duka. Nilitoa waya wa betri kwanza. Nilikata fishi za zamani moja baada ya nyingine, si zote pamoja, ili nyaya zisichanganyike. Nilibana kila mdomo mpya kwenye waya wake, nikausukuma ndani ya fishi hadi niliposikia tiki, nikavuta kidogo. Nilirudisha fishi ya joto la maji mahali pake, na ile nyingine. Nilibadilisha enjekteri niliyoichoma. Kila fishi ilipoingia ilisema tiki na haikuhitaji ukanda wa baiskeli. Kazi yote ilichukua dakika hamsini na tano.

"Zungusha," nilisema.

Shofere alizungusha ufunguo nusu. Moteri iliwaka papo hapo, ikatulia, sauti moja laini isiyo na kikohozi. Aliacha mlango wazi, akatoka, akaja kusimama karibu nami mbele ya kapo. Tulisikiliza. Aliinama akaangalia fishi nne za kijivu.

"Ilikuwa hii tu?" aliuliza.

"Ndiyo, njo hii."

Aligusa moja kwa ncha ya kidole, kama mtu anayejaribu joto la sufuria. "Iko kidogo," alisema.

Jioni ile alikuja na kiberiti chake mkononi, akakiweka wazi mbele yangu. Ndani mlikuwa na vipande vinne vya chupa. Aliuliza kama tutalilaza gari. Nilichukua kiberiti, nikakitupa ndani ya jiko, nikamwambia kuanzia leo wakilitaka walichukue likiwa macho. Mwenye duka alinisikia na hakubisha.

Kuna jambo moja ambalo hawakunikumbusha, wala yeye wala shofere. Labda walikuwa wamesahau. Miezi miwili kabla ya asubuhi ile, shofere alipoanza kulalamika kwamba fishi zinalegea, mwenye duka alinituma Goma na dola kumi na tano, akaniambia ninunue kinachohitajika. Niliziona fishi kwenye msumari wa duka. Muuzaji alitaka dola tatu kwa kila moja. Nilizishika, nikazigeuza, nikajiambia kwamba shaba ni shaba na sindano ya kushonea ninayo. Nilinunua ukanda mweusi wa kufunikia nyaya na risasi laini ya kulehemu, nikarudi Masisi na chenji. Mwenye duka aliihesabu juu ya kaunta mbele ya wateja, akaniinua mkono, akasema, munaona, huyu njo fundi muaminifu, hali feza ya muntu. Nilitembea nyumbani nikiwa na furaha. Nilikuwa nimemwokolea dola kumi na mbili.